Majoho Sita ya Kwenda Korea na Japani

Jumatatu, 3 Machi

Tunakwenda Korea! Na Japani! Wanawake sita, ndege moja, na kiongozi wa msafara ni mimi. Bado hawajanichagua, lakini nani mwingine? Mtoto anayesoma huko ni wa nani? Wa tumbo hili hili.

Ngoja niandike vizuri, mkono utulie. Binti yangu wa mwisho yuko Korea, mwaka wa tatu sasa, anasomea kuunda meli. Meli, si mitumbwi! Mimi niliishia darasa la saba nikashika cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyomfikisha. Tangu aondoke sijamtia machoni. Kwenye simu namwona, ndiyo. Lakini simu haikumbatiwi.

Leo bibie wa ofisi ya safari, ile inayotazamana na kibanda changu cha kushonea, kanieleza. Kundi la watu sita linapewa mtu wa kulitembeza nchi zote mbili, siku kumi na mbili. Wakiwa watano, hakuna safari. Majina yamfikie Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, kabla ya saa kumi jioni. Na mimi peke yangu siendi popote. Hata ngazi za umeme hupanda nimeshikwa mkono.

Kufikia jioni nimewapata wote. Msusi wa kibanda cha pili, ambaye tamthilia za Kikorea amezimaliza na sasa anazirudia. Mapacha wa duka la vitambaa, mmoja akianza sentensi mwingine anaimaliza. Wifi yangu, ambaye huenda popote mradi arudi na la kusimulia. Na Nesi Mstaafu. Huyu sikumwita! Kasikia mwenyewe, kaja na daftari. Vichwa vya habari tayari, vimepigiwa mstari kwa rula.

Ili kuwatia moyo nimewaambia Korea tutafikia kwa mwanangu. Ana nafasi, nikasema. Nesi akauliza vyumba vingapi. Nikasema vya kutosha. Akaandika.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza limefana. Limefanyika kwangu, mwalimu mimi.

Kwanza viatu mlangoni. Kule kote wanavua, Korea na Japani. Wifi akalalamika kuwa soksi yake ina tundu. Nikamwambia afadhali tundu lijulikane hapa kuliko mbele ya wageni. Akanijibu kuwa kule wageni ni sisi. Mbishi huyu, kama kaka yake.

Kisha vijiti vya kulia. Vijiti sina, nina penseli za kuchorea nguo. Chakula cha mazoezi: vifungo, kutoka kwenye kopo langu la vifungo. Msusi kajua mara moja, vidole vyake vimezoea kazi ndogo ndogo. Pacha wa kwanza karusha kifungo cha koti kikatua kwenye chai ya Nesi. Pacha wa pili kaomba radhi.

Nikabuni mchezo. Tukae duara, kifungo kipite kutoka penseli za huyu kwenda penseli za yule, kisianguke. Tumecheka hadi mume wangu katoka chumbani kuuliza kuna nini. Wifi karekodi yote kwa simu.

Jambo moja limenigusa. Msusi anasema Wakorea wakikutana huulizana umri kabla ya lolote, wapate kujua nani wa kumheshimu nani. Na mama wa dukani, hata kama hamjuani, unaweza kumwita shangazi au mama mdogo! Sasa hao si ndugu zetu kabisa? Kitu cha mkubwa wanakipokea kwa mikono miwili. Mezani hakuna anayeanza kabla ya mkubwa. Nimeanza kujiuliza kama mwanangu alipofika kule aliona ugeni wowote, au alisema tu, haya, nimehama mtaa.

Nesi akauliza kwa nini Wajapani huinama badala ya kupeana mikono. Nikamjibu ni kwa sababu ya upepo. Akaniangalia sana. Akaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala sakafuni saa nzima, mchana kweupe. Kwa utafiti! Kumbe Korea sakafu inapashwa moto kutoka chini, na wazee wanalala hapo hapo, joto linawapanda mgongoni. Nikataka kujua ubavu unasemaje. Umesema mengi. Mume wangu kanivuka mara mbili akienda jikoni, mara ya tatu kauliza kama nimekufa au nimesusa. Nikamwambia niko Korea. Akaniuliza kama huko Korea hakuna anayepika.

Lakini wazo limenijia pale pale chini. Sare! Kundi bila sare ni watu tu waliopotea pamoja. Nesi na awe na daftari lake. Anajua kushona? Atakayewavika watu ndiye watakayemfuata.

Mapacha wametoa kitambaa, cha rangi ya samli, kizito, kinaanguka vizuri. Mtindo ni wangu. Mikono mipana ya Kijapani, utepe wa kifuani wa Kikorea, ili nchi yoyote isinung'unike.

Nina picha ya mwanamke wa Kijapani aliyevaa kimono, joho lao la asili, Msusi kanipatia. Nimeikagua kwa jicho la fundi. Kosa! Ubavu wa kushoto umelazwa juu ya wa kulia. Hilo ni shati la kiume! Fundi yeyote aliyefunzwa anajua kuwa nguo ya kike, upande wa kulia ndio hulala juu. Maskini, nani alimvika huyu dada kabla ya kupigwa picha? Nimerekebisha. Na kwa kuwa nawajua wanawake wangu, nimetia vifungo vya kubana kwa ndani, majoho yote sita, wasije wakajifunga kinyume na kuniaibisha ugenini.

Jumanne, 11 Machi

Yamekwisha! Sita! Vidole vimevimba, moyo umevimba zaidi.

Tumepiga picha mbele ya kibanda. Mikono kifuani, nyuso zimetulia, macho chini kidogo, kwa adabu. Tumependeza kupita kiasi. Bibie wa ofisi ya safari kaja mwenyewe kuangalia. Hata Nesi kajigeuza mbele ya kioo mara tatu akidhani simwoni. Kasema mshono si mbaya. Kutoka kwa Nesi, hiyo ni ngoma na vigelegele.

Nimemtumia mwanangu picha, na ile video ya vifungo. Keshokutwa kundi zima linakuja, nitampigia mbele yao. Wamsikie anavyomsifu mama yake. Baada ya hapo tunachagua kiongozi. Nimepanga kusitasita kidogo kabla ya kukubali.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi. Hapana, siwezi kwa ufupi.

Walikuja wote kibandani, wamevaa majoho. Nikapiga. Nikaweka sauti ya juu! Mimi mwenyewe, kwa kidole changu!

Mwanangu akaanza vizuri, shikamoo kwa kila mmoja. Nikamwambia awaeleze mashoga zangu ameyaonaje majoho. Akasema, Mama, hebu ondoa sauti ya juu. Nikamwambia hapa hakuna mgeni, sema tu.

Akasema.

Kumbe kule Japani, wazima wote, wa kike na wa kiume, kushoto hulala juu. Kulia hulazwa juu ya kushoto kwa mtu mmoja tu. Maiti. Anayekwenda kuzikwa. Mwenzake anayekaa naye ni Mjapani. Alipoiona ile picha, wanawake sita, macho chini, mikono kifuani, aliinamisha kichwa akampa pole.

Wifi akajiangalia kifuani.

Nikasema basi, video je, si alicheka? Mwanangu akashusha pumzi. Kumbe kupokezana kitu kijiti kwa kijiti ni mwiko mezani. Hufanywa msibani, ndugu wanapookota mifupa ya marehemu wao baada ya kuchomwa. Yule binti wa Kijapani alipotuona tunapokezana huku tunacheka, alitoka nje kupunga upepo.

Pacha wa kwanza akasema kumbe wametuzika. Pacha wa pili akasema mara mbili.

Hapo Nesi akafungua daftari. Kwa upole kabisa, upole wa sindano, akamuuliza mwanangu huyo mwenzake analala chumba gani. Mwanangu, mtoto asiyejua uongo, sijui kamrithi nani, akajibu kuwa ni chumba hiki hiki, Shangazi. Ni bweni la chuo. Vitanda viwili na meza. Wageni hawaruhusiwi kupita mlango wa chini.

Nikakata simu. Nikasema mtandao.

Msusi akavua joho kama linawaka. Akasema ndege tu anaiogopa, sembuse kuipanda akiwa ameshavishwa sanda. Atolewe kwenye orodha. Akaondoka.

Tumebaki watano. Kesho saa kumi.

Nesi alibaki nyuma ya wenzake. Nikajua kaja kunimaliza. Akaniuliza kwa nini nilisema mwanangu ana nyumba. Nikamwambia kweli, sina nguvu za kubuni tena. Nilitaka waje. Wasipokuja wote, siendi, na nisipokwenda sitamwona mwanangu mpaka meli hizo zimalizike kuundwa. Akasema ameshavika maiti wengi katika kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyeomba apigwe picha nyingine kwa sababu alifumba macho. Wifi aliomba mara nne. Akacheka. Nikacheka, huku nalia. Hakuandika chochote.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili asubuhi nikaenda kwa Msusi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nimeisahau mlangoni.

Alikuwa anamsuka mteja, hakugeuka. Nikamwambia nimedanganya, nyumba hakuna, joho nimelikosea kwa ujuaji wangu. Kwamba aliyeivaa ile kimono alijua na mimi ndiye nisiyejua. Na kwamba nina hamu ya mwanangu, basi. Akaendelea kusuka. Nikasema yeye ndiye aliyemsuka siku ile ya kuondoka. Akaendelea. Nikageuka niende zangu.

Ndipo akauliza, hivi huko anasukwa na nani?

Nikasema hasukwi. Anajifunga kitambaa.

Mikono ikasimama! Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu aondoke. Akapiga kelele, miaka mitatu! Kitambaa! Mteja kashtuka na kichwa nusu. Akauliza mimi ni mama wa namna gani, nakaa nashona majoho ya msiba huku mtoto wa watu anatembea na nywele zisizojua kitana. Sikuthubutu kumkumbusha kuwa mtoto mwenyewe ni wangu. Akatoa mkoba kabatini, akaanza kupanga vitana, vikubwa na vidogo, na mafuta, na nyuzi. Akasema sanda na iwe sanda, anakwenda, na ndege ikianguka ianguke wakati wa kurudi.

Saa sita wote sita tulikuwa kibandani, tumekaa sakafuni, tunafumua. Vifungo vya kubana vyote tukavihamisha, upande hadi upande. Msusi kafumua majoho mawili peke yake, vidole kama mashine. Pacha mmoja alishika taa, mwingine akamwambia aishike vizuri. Nesi alisimamia kushoto na kulia. Kila joho lilipokamilika alituvisha mwenyewe, akakagua, akasema huyu yuko hai, apite.

Utepe wa Kikorea tumeutoa. Mwanangu kaomba, kwa adabu, kila nchi ivae nguo yake.

Saa tisa na nusu tulivuka barabara. Bibie kahesabu. Sita! Kagonga muhuri. Tunaondoka mwezi wa tano. Mwanangu kanipigia, kasema atakuja kutupokea uwanja wa ndege, na usiku wa kwanza atalala nami hotelini, kitanda kimoja. Kisha kaniomba kitu. Mama, tafadhali, usiwaambie watu chochote zaidi. Nikamwapia.

Kiongozi amechaguliwa Nesi, kura tano. Ya sita nilijipigia. Mimi nimepewa Mavazi. Ni cheo kikubwa, ukikifikiria.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebadilika. Naliandika hapa lishuhudiwe. Maneno machache, ukweli mtupu, basi.

Asubuhi mke wa muuza nyama kaja kupunguza sketi. Kauliza ni kweli twaenda? Nikasema ndiyo. Nikanyamaza! Nimenyamaza mpaka pindo la kwanza likaisha. Yeye ndiye aliyechokoza. Kasema amesikia mwanangu anakaa bwenini.

Bwenini! Kwa sauti ile! Ningefanyaje? Nikamweleza kuwa si bweni la hivi hivi, ni la wanafunzi teule, na ndiyo maana mlango unalindwa. Akauliza kama ni kweli atatupokea uwanja wa ndege. Nikasema yeye na mkuu wa chuo. Mdomo umeshasema, nitaurudishaje? Akauliza mkuu wa chuo ananijua mimi? Nikasema mbona tunasalimiana.

Kufikia mchana walikuwa wanane kibandani, wanauliza huyo mkuu wa chuo anaongea lugha gani, na kama ni kweli anainama. Maswali mazuri hayo, na mimi pia ningependa kujua. Nikasema basi njooni mmwone wenyewe kwenye simu, atasalimia mtaa mzima. Nitamjulisha mwanangu. Ana siku nane, mkuu wa chuo ni mtu mmoja tu, atashindwaje?

Nimeazima viti kwa mapacha. Nesi bado hajaambiwa. Wengine wote nimewatajia siku: Jumapili, tarehe 23, saa nane mchana, viatu mlangoni.