Rangi ya Kiwandani Chini ya Pijo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mpenzi Evaresta,

Jumapili parokia inatimiza miaka hamsini. Gari kuukuu moja litaongoza maandamano, na Fundi Elipidius atalichagua Jumamosi. Kasema haangalii bodi, bodi kila mtu anapaka. Atalala chini ya kila gari aone lipi bado lina rangi ya kiwandani. Nataka iwe Pijo yetu. Ndiyo iliyokuleta Ihembe ukiwa bibi harusi, ndiyo iliyokupeleka kaburini mwaka juzi. Sitaki watu waikumbuke kwa safari ile ya mwisho.

Mshindani ni mmoja: kaka yako Rogasian na Land Rover yake. Keshaipaka nyeusi chini, inang'aa kama kiatu cha shule. Maskini. Mimi sipaki ovyo. Nimetandika majani makavu ya migomba, nikaingia uvunguni, nikaitafuta rangi halisi. Nimeipata juu ya difu, kwenye ekseli ya nyuma. Nyekundu, ngumu, laini kama kigae.

Jumanne, 6 Mei

Nimepeleka kipande chake Omurushaka ndani ya kiberiti. Mansoor wa duka la rangi akauliza kama napaka bati. Nikamwambia ni siri ya kiwanda. Akachanganya makopo mpaka rangi zikafanana, kisha akanyanyua mguu, akalinganisha na soli ya kiatu chake.

"Mzee, hii rangi naifagia mlangoni kila asubuhi."

Vijana hawajui vitu vya zamani.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbili chali. Nimepaka difu, springi, chesisi na sikio langu la kushoto. Rogasian alipita, akainama, akaisalimia miguu yangu. Akauliza, "Shemeji, umenunua tope la dukani? La barabara ya Kiruruma lina kasoro gani?" Wivu.

Kuna tatizo. Kwenye waya wa breki ya mkono bado kipo kile kipande cha kitenge chako. Ulikichana mwenyewe mwaka tisini na moja, waya ulipodondoka tukitoka Kyerwa na mikungu ya ndizi. Ulisema utavaa kitakachobaki. Ukakivaa kweli, mpaka kanisani. Lakini kiwanda hakikufunga kitenge. Nilishika kisu mara tatu. Nimekiacha. Nadhani tumekwisha.

Jumamosi, 10 Mei

Elipidius alilala chini ya Land Rover, akatoka, akajipangusa. Akalala chini ya Pijo, akacheka mpaka gari likatikisika. Akaniita nione kona ambayo brashi yangu haikufika. Akamwagia maji, akasugua kwa kidole. Nyekundu ikatiririka. Udongo wetu wa barabarani, umeshikana na oili miaka arobaini. Chini yake rangi ya kiwanda, nyeusi, haina hata mkwaruzo.

Akasema ningeleta ndoo moja tu ya maji ningeshinda tangu Jumatatu. Rogasian alicheka hadi akakaa chini. Akaambiwa anyamaze, kwa kuwa naye nyeusi yake mpya imeifukia ya zamani.

Kisha Elipidius akauliza fundo lile la kitenge kalifunga nani. Nikamwambia. Akainama kulitazama tena. Akasema chini ya magari yote mawili, ni fundo hilo tu ambalo halijaguswa tangu siku lilipofungwa. Pijo itaongoza.

Rogasian akavua kofia. "Dada yangu kanishinda tena."

Jumapili, 11 Mei

Tumeongoza. Mbele kabisa, mwendo wa harusi. Kaka yako alikaa kando yangu, akipungia watu kama gari ni lake. Wakati wa kurudi tulikatiza kwenye malisho ya ng'ombe kukwepa msongamano.

Jioni nimeingia tena uvunguni. Evaresta, Elipidius amekosea. Nyuma ya gurudumu la kulia nimekuta rangi nyingine kabisa. Kijani kilichoiva, nzito, bado haijakauka vizuri. Inanuka zizi kidogo, lakini rangi za zamani zilikuwa na harufu. Nimeitia kwenye kiberiti. Kesho asubuhi niko kwa Mansoor.

Nawe huko uliko, unikumbuke.

Mumeo, Nolasco