Malalamiko Kuhusu Kutoswa kwa Nahodha wa Kimondo

Kilindoni,
Mafia.

Kwa Ndugu Mfasiri wa Filamu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mfasiri,

Assalaam alaykum. Huku kwetu hatujambo wote, ila mimi nina jambo, na jambo lenyewe ni wewe.

Naitwa Shaabani Ussi, nahodha wa boti inayopeleka watalii kuogelea na papa potwe. Ile tamthilia ya kale, *Mabaharia wa Kimondo*, ya chombo kinachokwenda angani toka nyota hadi nyota, tunaitazama kila Ijumaa alasiri dukani kwa Aliakber, ambaye huigeuza televisheni yake ituelekee sisi tulio barazani. Picha ina chenga, wenyewe wanasema Kizungu, na wewe ndiye unayetusimulia juu yao. Sauti unayo, sikatai. Lakini sauti hiyohiyo imenivunjia umoja wa chomboni kwangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ile Nahodha alipokataa kumsikiliza Fundi wa mitambo, yule mama mwenye nywele fupi, ulitamka kwa kinywa chako kwamba Fundi amemtosa Nahodha. Lahaula! Baraza zima tulisimama. Mimi mtoto wa kisiwani, Ndugu Mfasiri, kutosa nakujua. Ni kumtumbukiza mtu majini. Na huko angani maji hayapo wala chini hakupo, mtu akitoswa anazama mpaka Kiyama. Bi Rabab, mke wa Aliakber, alisema innalillahi akajifuta macho kwa mtandio.

2. Ijumaa iliyofuata Nahodha huyo akatokea, mkavu, anakunywa chai! Nani alimwopoa? Kwa kamba gani? Hukusema.

3. Mabaharia wale hatujawaona wakila sinia moja hata siku moja. Kila mtu na kisahani chake, na kona yake. Wasipotosana hao, watosane akina nani? Mimi na fundi wangu wa mashine, Shaibu, tumekula sinia moja tangu boti ile ilipokuwa inanukia rangi. Mimi nikimsogezea kichwa cha samaki, yeye akinisogezea pilipili. Siku hizi anakuja na hotpoti lake, anakula amenipa mgongo. Inaniuma, nasema wazi.

4. Hapa sasa ndipo penye dhambi yako kubwa. Kwa ajili ya tamthilia yako baraza limegawanyika: Chama cha Nahodha, ambacho mwenyekiti wake ni mimi kwa kujichagua, na Chama cha Fundi. Shaibu, ambaye amepata kuishi huko kwenu Dar, kajiunga na Fundi. Akasema mbele za watu kwamba yule nahodha hasikii, mfano wa nahodha mwingine anayemjua yeye. Anakusudia siku aliyoniambia kuwa mafuta yameingia maji, nami nikamjibu kuwa nahodha hapa ni mimi. Ni kweli mashine ilizimika katikati ya potwe. Ni kweli pia kwamba tulivutwa na boti ya jirani mpaka gatini, watalii wakipiga picha kwa furaha. Lakini hayo hayahusiani kabisa na barua hii. Nilimkumbusha kwa upole kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Naye akanijibu kwamba nahodha akiwa kiziwi chombo hakiendi kabisa, na nikiendelea hivihivi, kabla msimu haujaisha naye atanitosa.

Ebo! Mtu ananitangazia mauaji, mchana kweupe, huku anamenya chungwa!

5. Tangu hapo navaa laifu jaketi. Chomboni navaa, sokoni navaa, na arusini kwa mpwa wangu nilivaa juu ya kanzu. Mwanasiti, mke wangu, hataki tena kuongozana nami. Anasema haolewi na boya.

6. Watalii wakiniona nalo nchi kavu, nao wanaomba yao. Wanadhani Mafia inazama.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba tamthilia hiyo isimamishwe mara moja. Naomba uje mwenyewe hapa barazani uombe radhi, nauli ujitegemee. Naomba neno kutosa lipigwe marufuku mwambao mzima, isipokuwa kwa nanga. Na ikiwa unafahamiana na wakubwa, uwashauri mafundi wote wa mashine nchini, wa baharini na wa angani, wale kiapo cha kutowatosa manahodha wao.

Nisalimie mkeo na watoto, majirani zako wa kushoto na kulia, na huyo anayekushikia kipaza sauti. Aliakber anakusalimu. Shaibu sijamuuliza.

Mimi nduguyo niliye hai mpaka sasa,
Shaabani Ussi,
Nahodha.

Tanbihi: Nimekwenda dukani kutafuta bahasha, na Kinza, binti wa Aliakber anayesoma huko kwenu, kaisoma barua hii akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ananiambia kwamba kwa watu wa Dar kumtosa mtu si kumtumbukiza popote. Ni kumwacha tu, ukaenda zako. Fundi alihama chombo, basi. Kumbe hata wale wachezaji wa mpira ninaowasikia redioni kuwa wametoswa, nami nikawa nawaombea dua, wako majumbani kwao wanakula wali! Jaketi nimelivua papo hapo, na Mwanasiti kashukuru. Ila ndugu yangu, hofu ndiyo kwanza imeniingia. Shaibu naye neno lake ni la Dar. Angenitosa baharini ningeogelea. Akiniacha, niogelee kwenda wapi? Basi yafute yote niliyoyaandika, tamthilia usiisimamishe. Kinza anasema kuwa mwishoni Fundi anarudi chomboni. Naomba jambo moja tu, na unipigie hata leo kwa simu ya dukani: Nahodha alimwambia nini? Nipe neno kwa neno, kwa Kiswahili chochote anachokielewa Shaibu.