Waya wa Akiba Mbele ya Malori ya Lingeka

Jamani, leo nimejiaibisha. Kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya bosi, mchana kweupe. Acheni niwasimulie mimi kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua nilipata kazi ya kufunga mtandao kwenye kiwanda kimoja kipya cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Tangu soko la pamba lifunguliwe, kila kona kuna mnunuzi. Mkulima akicheleweshwa kwako, anavuka barabara anapimiwa kwa jirani. Ndiyo maana meneja wangu, Bwana Masunga, hataki mchezo. Kompyuta ya mizani, ya ofisini na ya ghalani zote zinatumia mafaili kutoka hifadhi moja, kisanduku cha kutunzia data. Mtandao ukilala, hakuna pamba inayopokelewa.

"Nataka kitu kisichokufa," aliniambia.

"Hakifi hiki, bosi." (Mdomo huu!)

Nikafunga swichi mbili badala ya moja, yale maboksi yanayounganisha kompyuta kwa nyaya. Kila kompyuta ina nyaya mbili, mmoja kwa kila swichi, na hifadhi vilevile. Katikati waya mmoja unaziunganisha swichi zenyewe. Moja ikifa, mwenzake anabeba mzigo. Jana nilijaribu, safi kabisa.

Leo asubuhi yakaingia malori ya pamba kutoka kijiji cha Lingeka. Mara ya kwanza wakulima wa huko kutuletea pamba! Aliyewashawishi ni Mama Kabula, kiongozi wa kikundi chao, na yeye hakuwa ameshawishika sana. Bosi akamleta mpaka kwenye kabati langu la mitambo.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma: umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaitikia, yaani mwanangu. "Haya, tuone hicho kisichokufa."

Nikachomoa waya. Mizani ikaendelea. Nikazima swichi nzima! Mizani ikaendelea. Nikairudisha. Mama Kabula akapiga makofi. (Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda kunywa chai.)

"Na huu wa katikati?" akauliza. "Panya akiutafuna?"

"Huo? Naongeza wa pili sasa hivi!"

Nikachukua waya mwekundu, nikachomeka huku, nikachomeka kule. Ili usichomoke nikauzungushia tepu ya umeme, raundi kibao, nikabandika karatasi: USICHOMOE.

Taa za swichi zikaanza kuwaka na kuzima. Zote. Kwa kasi ya ajabu.

"Mbona zinacheza hivyo?" bosi akauliza.

"Ndiyo nguvu yenyewe, bosi. Data inakimbia."

Kutoka kwenye mizani ikasikika sauti: "Imeganda!" Ofisini wakaitikia: "Na huku!" Ghalani nao wakaja mbio.

Nikazima kila kitu, nikawasha upya. Ikarudi kidogo. Ikaganda. Nikasingizia umeme. Nikasingizia virusi. Nje honi zikaanza. Wakala wa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshafika getini na pikipiki yake, anawaita madereva: "Njooni kwetu! Sisi tunaandika kwa kalamu! Kalamu haigandi!"

Lori la mbele likageuza. Likaondoka. Lori la pili nalo likawasha injini.

Mama Kabula akanisogelea. Hakunifokea. "Ng'wanawane, hawa watu nimewaleta mimi. Nikirudi Lingeka nitawaambia nini?"

Nikakaa chini sakafuni, nikajiuliza: kabla ya haya yote, nilishika nini mwisho?

Nikauangalia ule waya mwekundu. Nao ukaniangalia.

Swichi zangu ni zile za bei nafuu, hazijui kuzuia mzunguko. Ujumbe ukitoka swichi ya kwanza unapita waya huu, unarudi kwa ule mwingine, unatoka tena, unazidi kuzaana mpaka njia yote inajaa. Wa akiba ndio ulioua!

Nikaurukia. Bosi akanidaka mkono.

"Usiguse! Umeandika mwenyewe usichomoe!"

"Bosi, niachie."

"Huo si ndio wa usalama?"

"Bosi... huo ndio ugonjwa."

Bosi akaniachia mkono. Sasa kuutoa! Tepu imeng'ang'ania, mkasi haupo. Nikapiga magoti nikaanza kuing'ata kwa meno. Nilipogeuka, tepu inaning'inia mdomoni, ofisi nzima imejaa mlangoni. Hata wakala wa kalamu alikuwa ameingia kutazama!

Waya ukatoka. Taa zikatulia. Watu wa mizani wakapiga kelele: "Imerudi!"

Mama Kabula akaitazama swichi, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima mpaka ulipoitengeneza?"

Bosi akacheka. Sijawahi kumwona akicheka tangu niajiriwe. Akacheka mpaka akashika ukuta, na wote wakafuata.

Lori la pili likazima injini, likapimiwa kwetu, na yaliyobaki nyuma yake pia. La kwanza limekwenda na kalamu, hatukulipata. Bosi ameagiza swichi zinazojua kuzuia mzunguko, na amenikataza kugusa chochote wageni wakiwepo. Kazi bado ninayo.

Ila naomba asicheke mtu, hasa wewe shemeji uliyemwambia bosi kwamba mimi ni mtaalamu.