Kadi za Kumfundisha Mama Kusifu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa darasa amenichagua kusoma shairi mbele ya shule nzima Ijumaa. Mara iliyopita sauti ilinikauka kwenye ubeti wa pili, nikashuka jukwaani huku wenzangu wakicheka. Nikishuka tena, nahama shule! Karatasi iliyobandikwa zahanati inasema mtoto anayesifiwa nyumbani hujiamini. Mama ni fundi cherehani. Nikishona vibaya husema, "Fumua." Nikishona vizuri, kimya. Je, tatizo ndilo hilo?

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kadi tano za sifa, nikazibana kwa pini kwenye pazia mbele ya cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu. Mama azione, azizoee. Jioni nimesoma shairi kando yake. Nikakwama. Cherehani nayo ikanyamaza. Nilipoendelea, ikaendelea. Ajabu! Kadi hakugusa hata moja.

Jumatano, 5 Machi
Kadi zinafanya kazi, ila kwa watu wengine. Mteja amelalamika kwamba gauni halimpiti mabegani. Mama akatupia jicho pazia, akamwambia, "Nimeona ulivyojitahidi." Mteja akanuna. Kadi ya pili akapewa mdogo wangu, Kifaranga, kwa kuvaa viatu mwenyewe. Cha kulia mguu wa kushoto! Sasa ananiringia.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimekwama mara nne. Cherehani imesimama mara nne. Mbovu hiyo! Nikaitia mafuta, matone kumi hivi. Gauni la mteja likapata doa. Mama akavuta pumzi, akasema niweke mkebe chini nirudie ubeti.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemaliza shairi! Mama alikuja, akasimama nyuma kabisa na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukipigapiga sakafu. Kwenye ubeti wa pili nikakwama. Nikamtazama. Mguu ukatulia, akangoja kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Sauti ikarudi. Mguu nao ukaendelea mpaka mwisho. Wakapiga makofi!

Njiani alininyooshea kola. Hakusema kitu. Hata neno moja! Kwa hiyo kadi zimeshindwa, nami sijui nilifaulu vipi.

Ila nimegundua jambo. Ule mguu! Mama ana wasiwasi mbele za watu, maskini. Hajiamini. Kesho nampikia mpango wake: kadi kumi, herufi kubwa.