Macho Mapya ya Pijo 404

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Dharau! Séraphin, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ameweka taa mpya kwenye Mercedes yake. Nyeupe kama meno ya mgombea uchaguzi. Leo amepita nazo zikiwaka, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alikuwa anatafuta nini? Kivuli chake?

Na dada yangu mkubwa Mushiya ameziona. Binti yake Fifi anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Ilikuwa imeeleweka zamani kwamba bibi harusi atapanda Pijo 404 yangu, niliyoachiwa na baba. Leo Mushiya anasema atafikiri kwanza. Eti taa zangu ni za manjano. "Stani, gari yako iko na macho ya mugonjwa wa maini." Gari lililompeleka baba mpaka kule Musumba na kumrudisha, matope mpaka milangoni, kwa taa hizohizo!

Nimemwambia siku ya harusi watu watavaa miwani ya jua kuitazama Pijo. Mke wangu Bilonda, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akamwomba Mungu atusaidie. Kwa sauti. Mbele ya dada yangu.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata! Muuzaji mmoja sokoni ameniuzia taa mbili za duara, nzito kama sufuria za msiba. Ameapa kwa jina la mama yake kwamba zimetoka kwenye lori kubwa la mgodini, lile ambalo gurudumu lake linamzidi mtu urefu. Zimeingia kwenye matundu ya Pijo kama zilizaliwa humo. Merdi, fundi umeme wa pale kwenye kona, amezifunga. Badala ya malipo amechukua zile taa za manjano za baba. Azichukue! Nimemwona mjinga kidogo.

Tukawasha. Hakuna kitu. Nikainama. Ndani kabisa, wekundu fulani, kama sigara ya mtu anayesinzia. Merdi akaeleza kwamba taa za malori zinataka nguvu ya batri mbili, na Pijo ina moja. "Tata, gari yako iko na nguvu nusu." Nusu! Ananiita Tata, yaani baba, kisha ananipa nusu! Séraphin alikuwa upande wa pili anamwagilia maua yake. Hakucheka. Kutocheka kwake kumenikera kuliko kicheko.

Ijumaa, tarehe 7

Batri mbili? Basi, batri mbili. Nyumbani tunayo nyingine, ile ya sola, inayoendesha friji ambamo Bilonda anaweka samaki wake wa kuuza. Nimeiazima alipotoka. Merdi alisita, akaanza kusema jambo kuhusu vyombo vingine vya gari. Nikamwambia sikumwita kuhubiri.

Akaunganisha. Mwangaza! Ukuta mzima wa Séraphin ukawa mweupe! Vijana wa pikipiki za taksi-moto wakapiga makofi. Nilipanda kwenye bampa niwashukuru. Hapohapo vifutio vya kioo vikaanza kukimbia kama vinafukuzwa. Redio, iliyokufa baba akiwa bado hai, ikasema "mabibi na mabwana" ikatoa moshi. Halafu honi. Honi ikakwama! Kwaya ya kanisa jirani ikaacha mazoezi. Merdi alikuwa ameshakimbia. Nani akavuka barabara, na shati jeupe lililopigwa pasi, akachomoa waya kwa vidole viwili? Sitaandika jina lake.

Barafu ya samaki imeyeyuka. Bilonda amesema neno moja tu: "Kula." Tutakula asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu, tarehe 10

Samaki.

Lakini jibu ninalo. Kosa lilikuwa la lori, si langu. Nimeleta balbu za LED, ndogo, aina ileile ya Séraphin, zisizohitaji batri ya pili. Merdi amerudi, ameomba msamaha kwa kukimbia, amezitia ndani ya zile taa kubwa. Zinawaka! Ila zinatazama mbinguni. Mparachichi wa jirani ulionekana jani kwa jani. Barabara haikuonekana.

Nikatoka kuzijaribu jua likizama. Kwenye mzunguko, polisi wa barabara akanisimamisha, mkono mmoja machoni. Nilimwambia kwa heshima kwamba mtu wa kazi yake angepaswa kupenda mwanga. Akaniamuru nisimame mbele ya gari langu mwenyewe nitazame. Nikatazama. Baada ya hapo nilijitetea kwa muda mrefu, na vizuri, mbele ya nguzo ya umeme, nikidhani ndiye yeye.

Hakuniruhusu kuondoka na "hayo majua." Nimerudi nyumbani polepole, Pijo imevaa soksi zangu, moja kila taa. Ya kushoto ina tundu. Njiani nimepishana na Mercedes. Imenisalimia kwa taa!

Jumatano, tarehe 12

Mtaa wetu mzima wa Dilala unajua habari ya soksi. Mushiya amekuja, amekataa kiti, ameamua: Fifi atapanda Mercedes. Nimemwuliza baba angesema nini kama angekuwa hai. Amejibu kwamba baba hangevalisha gari soksi.

Jioni Fifi amekuja peke yake na mkate. Akakaa kwenye bampa ya Pijo kama alivyokuwa anakaa utotoni. "Tata, mi nilitaka Pijo ya nkambo," akasema. Nkambo ni baba yangu, babu yake. "Na mataa yake ya manjano. Njo ile iko mu picha ya ndoa ya mama."

Kumbe siku zote hizi mtoto alitaka zilezile! Na hakuna aliyeniambia!

Nikaenda mbio kwa Merdi kudai taa za baba. Ameshaziuza. Kwa nani? Kwa Séraphin! Mwizi! Hakuiba, lakini roho yake ni ya mwizi.

Ijumaa, tarehe 14

Nimevuka barabara na hotuba kichwani. Séraphin akafungua mlango akiwa amezishika taa, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Anasema alizichukua kwa kuogopa zisiishie kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anasema baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, ndani ya Pijo ileile. "Nilikuwa nakungojea tu, Tata Stani."

Hotuba yangu yote ikaharibika! Utagombanaje na mtu wa namna hiyo? Akazifunga mwenyewe, akapangusa vumbi, akakataa hata Fanta. Bilonda akampa samaki. Alipowapokea, nilimshukuru kwa moyo wote.

Fifi amemwambia mama yake anachotaka, na Mushiya amekubali. Pijo itambeba Fifi.

Jumamosi, tarehe 15

Zile taa za lori zilikuwa zimelala bure. Ni dhambi kuacha mali ilale. Asubuhi nikamwita Merdi azifunge juu ya paa pamoja na balbu zake. Kama pambo tu.

Tulifika kanisani tunang'aa juu na chini, manjano na nyeupe. Vigelegele! Mushiya mwenyewe alifuta macho. Halafu padri akahubiri. Akahubiri. Nani angekumbuka kuzima taa katikati ya mahubiri marefu vile?

Tulipotoka, Pijo ilikuwa imekufa. Fifi ndani, bwana harusi nyuma anasukuma na viatu vipya. Hakuna. Basi Séraphin akaleta kamba. Mabinti wakaifunga riboni. Tukavutwa na Mercedes mji mzima mpaka ukumbini, watu wakishangilia pande zote. Fifi alicheka njia nzima mpaka machozi, akanishika bega, akasema hakuna bibi harusi wa Kolwezi aliyewahi kusindikizwa hivi. Nilishika usukani wima, kama dereva. Nilikuwa dereva! Usukani ulikuwa kwangu! Lakini katika picha zote nani yuko mbele?

Jumatatu, tarehe 17

Wanaendelea kumsifu Séraphin. Leo hatimaye nimefahamu tulikosea wapi. Si taa. Watu hawajali taa! Mushiya na mama wakubwa walipanda Mercedes, na tangu hapo hawasimulii kitu kingine ila joto lake. Baridi yote hii ya mwezi wa sita, na gari linawapulizia hewa ya moto miguuni. Pijo haina. Hapo ndipo alipotushinda!

Lakini joto ni kitu gani? Ni jiko la makaa, mbabula, basi. Merdi anasema moshi utatuua. Mtu wa mashaka sikuzote! Moshi unatolewa kwa bomba. Bomba nimelipata. Paa nimeshalitoboa, tundu zuri, karibu duara.

Bilonda anaita kutoka uani. Anauliza nani ameona mbabula yake.