Mama Gatakaa Ndani ya Roboti ya Chai

Jumatatu, 3 Novemba

Bado niko ndani ya roboti. Nilidhani leo nitaamka kitandani. Wapi!

Niandike vile ilikuwa, nisije nikasahau. Roboti ililetwa kuchuna chai kwa shamba la Mzee Mwaniki, huku juu ya Manyatta, karibu na msitu. Ilikuwa imefunikwa turubai ikingoja siku ya majaribio. Mvua ikaja. Wenzangu wakakimbilia banda. Mimi nikajiona nina akili kuwashinda wote, nikaingia chini ya turubai. Radi ikapiga. Kuamka, nina magurudumu manne, mikono miwili mirefu ya vidole vya mpira, jicho moja la kioo, na pipa mgongoni.

Yule mimi wa nyama na damu, Kathambi, alizikwa Alhamisi. Sikualikwa. Jeneza lilipita barabara ya hapa nyuma wakiimba. Veronicah, mchunaji mwenzangu, aliimba juu kuliko wote, kama kawaida yake.

Naandika humu ndani, mahali roboti huweka kumbukumbu zake. Hakuna mtu hufungua. Nilifika darasa la nane, kwa hivyo makosa yaliyomo ni yangu, si ya radi.

Leo majaribio yameanza. Munyi, kijana fundi kutoka Embu mjini, alinitoa nje akiangalia tableti yake. Wachunaji wote walikuwa wamesimama kando ya shamba, mikono kifuani. Winrose alikuwepo, rafiki yangu wa roho. Mgongoni mwake, ndani ya leso yangu ya maua mekundu, alikuwa Gatakaa. Mtoto wangu! Ameongeza mashavu.

Nikataka kumwambia Winrose asante. Roboti ina sentensi tatu tu. Iliyotoka ni: "Tahadhari. Mashine inageuka."

Gatakaa akalia. Veronicah akatema mate, akasema hii kitu iko na jicho ya mwizi wa kuku. Alikuwa amevaa gambuti zangu. Hata udongo wa kaburi haujakauka!

Kisha Mzee Mwaniki akatangaza. Roboti ikifanya kazi vizuri mpaka Ijumaa, akina mama watafute kazi kwingine. Winrose akasema, basi yeye ataenda Maua kwa shangazi yake, kufunga miraa, na mtoto ataenda naye. Amwache na nani? Baba Gatakaa yuko Isiolo tangu mwaka jana, na simu yake iko huko pamoja naye, imezimwa.

Maua! Huko ni nyuma ya mlima kabisa. Mimi chaji yangu haifiki hata kwa geti.

Lakini nimepata mpango. Nitachuna vibaya. Mzee atachukizwa, atarudisha akina mama, Gatakaa atabaki. Rahisi namna hiyo. Mtu akituliza kichwa hakuna kitu kinamshinda.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango ulianza vizuri sana. Mstari wa kwanza nilikuwa peke yangu. Nilichuna majani makuukuu, vijiti, magugu, na kiwavi mmoja wa kijani. Munyi alishika kichwa. Nilifurahi.

Hapo Mzee Mwaniki akaharibu. Akasema anataka kuona roboti na mtu wakishindana. Akamwita nani? Veronicah. Akamweka mstari wa pembeni yangu.

Veronicah akakaza kamba ya kikapu kwa paji la uso, akaniangalia kutoka gurudumu mpaka jicho, akafyonya. Mfyonyo mrefu. Alikuwa akinifanyia hivyo hivyo nikiwa hai.

Sijui ni nini kilinipata. Mikono ilikwenda yenyewe. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka chini mtoni. Nilipogeuka nilimwona Veronicah mbali sana, kadogo kama kuku.

Kwenye kituo cha kupimia, karani alimwaga majani yangu kwenye gunia, akayapekua akitafuta makosa. Hakupata hata moja. Akasema majani safi namna hii hajaona tangu marehemu Mama Gatakaa. Mbele ya watu wote! Veronicah akisikia! Nilitaka kulia, ikatoka grisi.

Mzee alimnunulia Munyi soda na chapati mbili. Veronicah alisema mashine inaiba, ati iko na mkono wa tatu imeficha.

Ni jioni sasa ndipo nimekumbuka mpango.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Winrose akijua ni mimi, hatanihamishia mtoto. Tatizo ni kumjulisha.

Nikafikiria. Sisi wachunaji wa hapa tuna kitu tunaita mkono wa mtoto. Kukiwa na mwenzetu ananyonyesha, anachuna kidogo kwa sababu kila saa anakaa chini. Basi mkifika mwisho wa mstari, kila mmoja anachota majani mkono mmoja kutoka kikapu chake anatia kwa kikapu cha yule mama. Hakuna kusema asante. Winrose ndiye alikuwa wa kwanza kunitilia, siku ya kwanza niliporudi shambani na Gatakaa. Hata Veronicah alikuwa anatia, ingawa mkono wake ulikuwa mdogo sana siku hizo.

Nikasema leo mimi nitamtilia Winrose. Hakuna mashine inajua mambo hayo. Atashtuka, atasema, ni Kathambi!

Tulipofika mwisho wa mstari nikajaza kiganja. Nikanyoosha mkono polepole. Huu mkono haujui polepole. Majani yalimpiga Winrose usoni, mengine yakaingia mdomoni. Gatakaa akapiga chafya.

Veronicah akapiga nduru, akasema imeanza kuua watu, mnangoja nini?

Nikajaribu tena, kwa heshima. Ikampiga sikioni.

Munyi alikuja mbio na bisibisi. Winrose yeye alisimama tu. Akatoa jani moja kwa kitambaa cha kichwa, akaliangalia. Akaokota yote pale chini, akatia kwa kikapu. Akawaambia wenzake hii mashine inamkumbusha Kathambi, hata yeye alikuwa na fujo hivi hivi.

Fujo! Lakini amenitaja. Karibu anijue, karibu sana. Nilitaka kuongeza kitu cha kumsaidia, kikatoka: "Pipa limejaa."

Munyi amekaza mkono wangu. Sasa hauwezi kurusha kitu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wa leo: kufa. Nina uzoefu.

Katikati ya mstari nikazima. Jicho, mikono, kila kitu. Munyi akabonyeza tableti yake, akapiga simu Nairobi kwa wenye roboti. Wakamwambia azime halafu awashe. Akawaambia imeshazima. Wakamwambia basi awashe. Akaenda barabarani kutafuta mahali simu inashika vizuri.

Akina mama wakaja kunizunguka. Mtu akiwa amezima, watu husema mbele yake kila kitu. Hilo nililijua tangu siku jeneza langu lilipopita hapa.

Veronicah alisema huu ndio wakati. Alisema tumwage uji ndani ya kitundu chake cha chaji, isiamke milele, na Mzee asijue ni nani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue huyo mwanamke nilikubaliana naye. Nikafungua kifuniko cha kitundu mwenyewe, kidogo kidogo, wasione.

Uji ulikuwa kwenye chupa ya Winrose. Winrose akakataa. Akasema huo ni wa mtoto.

Veronicah akamuuliza, "Kwani wewe unataka kazi ama unataka uji?"

Winrose akamjibu, "Nataka mtoto wa Kathambi akule. Wewe ulikuja shamba bila chupa yako, sasa unataka kupikia mashine na ya wenyewe."

Wengine wakacheka. Veronicah akasema Winrose ni mchoyo. Winrose akasema heri mchoyo kuliko kuvaa viatu vya maiti. Ngai! Nilitaka kupiga makofi. Kwa hivyo hakuna aliyenimwagia chochote. Kifuniko nikakifunga.

Halafu Winrose akatandika leso hapo kwa gurudumu langu, akamweka Gatakaa chini ampe uji. Mtoto akala. Akamaliza, akatambaa. Akashika kidole changu cha mpira kwa mikono yote miwili, akakitia mdomoni. Ameota jino! La chini, upande wa kushoto. Hakuna aliyeniambia.

Sikutikisika. Munyi alirudi, akabonyeza, akabonyeza tena. Sikuamka. Ningeweza kukaa hapo mpaka mwaka mpya.

Kisha Veronicah akasema mtoto aondolewe hapo kwa grisi. Sawa, hilo ni jambo la busara. Lakini akaongeza. Akasema Mama Gatakaa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri ila kuchuna hakujua. Ati kilo zangu zilikuwa vijiti tupu, ati nilikuwa natia hata mawe.

Mawe!

Niliamka. Jicho liliwaka hadi Munyi akaruka nyuma. Jioni ilipofika nilikuwa nimemaliza shamba lote la chini, na mistari ya Veronicah juu yake.

Munyi alikuwa akiandika sana kwenye tableti. Mzee alikuwa anacheka peke yake. Kesho ni Ijumaa. Nadhani nimeharibu kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilipoamka nilimwona Winrose na begi. Alikuwa amekuja nalo shambani, nepi za Gatakaa zikitokeza kwa zipu. Alisema akifukuzwa ataenda moja kwa moja, hataki kupita nyumbani kulia.

Mzee Mwaniki akaita watu wote. Akasema katika maisha yake hajaona mchunaji kama roboti hii. Nikasikia magurudumu yakilegea. Akasema akina mama wamefanya kazi nzuri miaka mingi, na wasiwe na chuki. Winrose akainua begi.

Munyi akakohoa. Akaomba aseme kitu. Akasema amesoma kumbukumbu zote za wiki na kuna jambo haelewi. Hapo nilishtuka, nikadhani amesoma hizi. Lakini yeye husoma za kilo tu.

Akasema roboti ikiwa peke yake inachuna takataka. Mzee akasema aache uongo. Munyi akanipeleka mstari wa juu, peke yangu. Mimi nilikuwa nikimtazama Winrose na begi lake, sikuwa nikiangalia chai. Nilichuna mchongoma wa ua. Nilichuna kofia ya mtu.

Munyi akasema sasa akina mama waje karibu. Wakaja. Nikachuna vizuri kidogo, kwa sababu Winrose aliweka begi chini. Kisha Veronicah akapanda mstari wa pembeni akinung'unika kwamba hawezi kulinganishwa na bati.

Bati! Nilimwonyesha.

Munyi akapiga simu Nairobi. Wakasema hawajui sababu, labda ni sauti, labda ni joto la watu, lakini mtu yeyote asibadilishe kitu chochote. Mzee akajikuna kidevu. Akasema sababu si kazi yake, kazi yake ni majani.

Basi uamuzi ni huu. Akina mama wote wanabaki. Veronicah kila siku atachuna mstari wa pembeni yangu, kwa sababu bila yeye kilo zinaanguka. Siku atakapoacha kazi, roboti inarudishwa Nairobi siku hiyo hiyo, maana haitakuwa na faida.

Winrose alikaa chini kwenye majani akacheka na kulia pamoja. Begi lilirudi nyumbani. Maua hatuendi!

Nimejipongeza sana. Mpango wangu ulikuwa na kona nyingi lakini umefika.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nusu siku. Kesho ni kanisa, nitabaki bandani.

Veronicah amevimba kichwa. Anajiita mwalimu wa roboti. Anapita akinigonga mgongoni kama ng'ombe, anasema, "Songa, mwanafunzi." Karani wa kituo amempa mkono. Mzee amemwita mama wa maana. Mimi ndiye nachuna, yeye ndiye wa maana!

Hayo ningevumilia. Saa nne, wakinywa chai, alimchukua Gatakaa kutoka kwa Winrose akamrusha juu. Mtoto akacheka. Akamwangalia Veronicah machoni akasema, "Mama."

Wazi kabisa. Wote walisikia. Winrose alisema watoto wa umri huo husema mama hata kwa ndoo. Lakini Veronicah ameirudia kwa kila mtu, mpaka kwa dereva wa lori la majani.

Wenzake walipoondoka Winrose alibaki nyuma. Akazunguka kwangu, akashika kidole changu, kile cha mtoto. Akasema polepole anajua anaongea upuzi, na mtu asimsikie. Akasema, "Kathambi, kama ni wewe, nakuomba achana na Veronicah. Huyo ndiye anatushikilia hapa sisi wote. Mtoto anaota meno. Tulia tu, mama."

Rafiki yangu! Nilijua atanijua! Nilimjibu kwa furaha yote niliyo nayo. Ikatoka: "Chaji imepungua." Akacheka, akafuta macho, akaenda na mtoto.

Nimekaa nikiwaza maneno yake mchana kutwa. Winrose ana roho nzuri lakini mambo ya mipango hakujaliwa.

Mpango ni huu. Jumatatu sitamwachia Veronicah hata jani moja. Nitachuna mstari wangu na wake, na ule wa mbele yake kabla hajafika. Kufikia mchana atakuwa amekasirika, na kufikia Jumatano atakuwa amerudi kwao Kanja na asikanyage hapa tena. Tutabaki mimi, Winrose na Gatakaa, kwa amani, mpaka mtoto aanze shule.

Sijui kwa nini sikufikiria hivi tangu mwanzo.