Nane Eksi kwa Kila Mtoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Madawati, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu, ambaye ni mke wangu. Waheshimiwa wazazi, wanafunzi mlioketi kwenye saruji ya ghala hili, na wewe fundi seremala unayesinzia pale mlangoni: mabibi na mabwana! (Makofi. Fundi anashtuka.)

Mimi hesabu nimesoma mpaka darasa la saba, na ningeendelea, ila mwalimu mwenyewe aliniomba nipumzike maana hakuwa na la kuniongezea. (Kicheko.) Ndiyo sababu, katika mchakato wa kimkakati wa utekelezaji shirikishi, nimebuni fomula ya aljebra isiyo na mfano: madawati ni 8x! Hiyo x ni idadi ya madarasa tutakayojenga. Ukishaijua, unaing'oa herufi, unapachika namba palepale. Madarasa sita? Nane, pembeni sita: madawati themanini na sita! (Vigelegele.)

Naona mwalimu wa hesabu, mtoto wa dada yangu, amenyoosha mkono. Sema, mwanangu.

(Mwalimu: "Shikamoo, mjomba. Nane ikikaa na x ni kuzidisha. Nane mara sita ni arobaini na nane, na mimi nina watoto themanini. Wengine watakaa wapi?")

Marahaba. Mmewaona wasomi? Mimi nawapa themanini na sita, yeye anawapokonya thelathini na nane mchana kweupe! (Sauti: "Mwalimu, acha roho mbaya!") Asante, mama. Kaa chini, mwanangu.

(Mwalimu: "Nitakaa, mjomba, kiti kikipatikana. Ila tuambie, mpaka leo madarasa yaliyojengwa ni mangapi?")

Swali zuri sana, la kitaalamu, na kamati italiundia kamati. (Sauti: "Jibu!") Najibu, jamani, msinisukume! Asilimia mia moja ya madarasa yaliyojengwa yamekamilika, nayo ni... sifuri. (Fundi: "Hata msumari sijaonyeshwa.")

Tulieni! Pachikeni wenyewe. Kwa mwalimu, nane mara sifuri, hamna kitu. Kwa mjomba wenu, nane, pembeni sifuri: madawati themanini! Watoto themanini, kila mmoja na lake! Sasa nani anawapenda? (Wazazi wanatazamana. Mtoto mmoja anapapasa saruji nyuma yake.)

Herufi itoke! (Wachache: "Namba iingie!") Nane eksi! ("Juu!")

Namshukuru fundi kwa madawati ambayo hakuagizwa, na nanyi wanangu, asanteni kwa kuyakalia tangu asubuhi bila kuvunja hata moja.